Haki Kazini: Mzigo huu nabebeshwa kihalali?

Toleo lililopita msomaji mmoja aliuliza kwa kifupi kama kuna sheria inayosema mfanyakazi abebe kilo ngapi, nikamjibu kwamba ipo ila inatofautiana nchi na nchi. Jibu lile halikuwatosha, na mmenionyesha wazi, maana meseji zilizoingia ni nyingi na karibu zote ni za watu wanaoumwa viuno. Nimechagua zile ambazo majibu yake yatasaidia wengi. Majina nimeyatoa kwa sababu waandishi wake bado wapo kazini hapohapo.

Shikamoo dada. Mimi ni kuli ghalani, tunapakua magunia ya kilo 50 toka kwenye lori mpaka ndani. Tukilalamika supavaiza anasema sheria ya dunia inaruhusu kilo 55, kwa hiyo bado tunadaiwa kilo tano. Ni kweli hilo?

Marahaba mdogo wangu. Hiyo 55 ipo, ila supavaiza wako ameisoma kinyumenyume. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilipitisha vitu viwili kwa pamoja, Mkataba namba 127 kuhusu uzito wa juu wa mizigo na Pendekezo namba 128 linaloufafanua. Mkataba wenyewe hauna kilo hata moja ndani yake. Kilo 55 zipo kwenye lile Pendekezo, na kinachosemwa pale ni kwamba nchi ambayo bado inaruhusu mwanaume mtu mzima abebe zaidi ya 55 ichukue hatua haraka iwezekanavyo kushusha mpaka hapo. Yaani ni onyo kwa nchi zilizokuwa zinabebesha watu mizigo mikubwa kuliko hiyo. Hakuna mahali panaposema kila mwanaume apewe 55 kutwa nzima na anyamaze.

Sasa kipengele ambacho supavaiza hajakutajia ni kifungu cha 3 cha Mkataba, na ndicho naomba ukishike: mfanyakazi asilazimishwe wala asiruhusiwe kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Angalia hilo neno asiruhusiwe. Hata ukijitolea mwenyewe kwa sababu unalipwa kwa gunia na unataka kumaliza lori mapema, mwenye kazi bado anatakiwa akuzuie. Halafu kifungu cha 4 kinataka hali zote za kazi zizingatiwe, na cha 5 kinataka mtu afundishwe namna ya kubeba kabla hajapewa kazi hiyo, na cha 6 kinasema vifaa vitumike kadiri inavyowezekana. Muulize kwa heshima kabisa mafunzo yenu yalifanyika lini na toroli liko wapi.

Na dunia imesogea tangu 1967. Chile walikuwa na kikomo cha kilo 50, sheria yao namba 20.949 ya mwaka 2016 ikakishusha hadi kilo 25, na kwa wanawake na walio chini ya miaka 18 kilo 20. Ukishusha kikomo nusu nzima, wanaofungasha magunia inabidi wafungashe madogo, hawana namna. Ufaransa 55 bado ipo kwenye sheria lakini mtu hawezi kubebeshwa zaidi ya hapo mara kwa mara mpaka daktari wa kazi athibitishe anaweza, na hata akithibitisha hairuhusiwi kuvuka 105. Brazil kikomo ni 60. Kwa hiyo kabla ya kubishana na mtu uliza sheria ya kazi ya nchi yako yenyewe inasemaje, kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi au kwenye chama chenu cha wafanyakazi.

Kitu kimoja zaidi kuhusu hayo magunia yenu, maana najua watakwambia basi bebeni wawili wawili. HSE, yaani mamlaka ya afya na usalama kazini ya Uingereza, wanaelekeza kwamba watu wawili wakibeba pamoja uwezo wao ni kama theluthi mbili tu ya jumla ya uwezo wa kila mmoja, na wakiwa watatu ni nusu ya jumla, kwa sababu hawaendi hatua moja, mmoja mrefu mwingine mfupi, na wakati wa kushusha mzigo wote unamlalia mmoja. Chukua wanaume wawili wenye uwezo wa kilo 25 kila mmoja, jumla 50, theluthi mbili yake ni 33 hivi. Gunia la 50 liko juu ya hapo. Hata watatu kwa mwongozo huo hawafiki 38. Gunia hilo ni la toroli au la mkanda wa kusafirishia mzigo, na lori lisogezwe kwenye jukwaa ili gunia lichukuliwe usawa wa kiuno, asiwepo mtu wa kulitoa chini.

Habari ya kazi dada. Sheria ya kwetu nimeisoma, haitaji kilo popote, inasema tu mwajiri ahakikishe usalama. Sasa si ina maana bosi yuko huru?

Nzuri ndugu yangu. Hapana, hayuko huru, na watu wengi wanakwama hapohapo. Nchi nyingi zimeacha kutaja namba makusudi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1990, namba 90/269, halina kilo. Kanuni za Uingereza za 1992 hazina kilo. Marekani sheria ya taifa haina kilo, ina wajibu wa jumla kwamba mwajiri aondoe hatari kubwa zinazojulikana. Wanachofanya ni kumtwisha mwajiri kazi, na ukifuata mpangilio wa Uingereza kazi zenyewe ni tatu na zinakwenda kwa mfuatano: kwanza aepuke kabisa kumbebesha mtu kama inawezekana, pili kama haiwezekani aikague kazi na kupima hatari yake, tatu aipunguze hiyo hatari. Bosi anayesema sheria haina namba muombe tathmini aliyoifanya. Kama hana, kosa ni lake tayari, hata kabla mtu hajaumia.

Namba utazikuta kwenye miongozo. Ile ya HSE inasema mwanaume kilo 25 na mwanamke kilo 16, lakini hiyo ni kwa mzigo ulioshikwa karibu kabisa na mwili usawa wa kiuno. Ukiinuliwa toka sakafuni mikono ikiwa imenyooka mbele, mwanaume yule yule anashuka hadi kilo 5. Tano! Mtu yule yule, mikono ile ile, kilichobadilika ni mahali mzigo ulipo.

Dada yangu mpendwa, mimi nipo kiwandani, napanga maboksi ya kilo 12 tu, naokota chini naweka rafu ya juu, kwa dakika kama manne hivi, shifti nzima. Wenzangu wa magunia wananiona mvivu nikilalamika. Ila kiuno kinakata mpaka usiku silali.

Pole sana mdogo wangu. Wewe si mvivu, na swali lako nimelipenda kuliko yote kwa sababu ndilo linaloonyesha kwa nini kilo peke yake hazitoshi.

Fanya hivi ukiwa nyumbani: shika ndoo yenye maji kidogo karibu na tumbo, kisha isogeze mbele taratibu mpaka mikono inyooke. Maji hayajaongezeka lakini kiuno kinalia. Sababu ni kwamba misuli inayokushikilia mgongo iko sentimita kama 5 tu nyuma ya zile disiki za chini ya kiuno, yaani vile vitu laini kama mito vilivyo kati ya pingili za mgongo. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele ya disiki, misuli inabidi ivute mara kumi ya uzito wake ili usianguke mbele. Boksi lako la kilo 12 hapo linaidai misuli nguvu ya kilo 120, bado hujaweka uzito wa kichwa, kifua na mikono yako ambavyo navyo vimeinama. Na nguvu yote hiyo inakandamiza disiki.

Marekani kuna taasisi ya serikali ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, ambayo mwaka 1991 iliboresha hesabu yake ya kuinua mizigo. Hesabu inaanzia kilo 23, hizo ni kwa hali nzuri kuliko zote, kisha kila ubaya wa kazi unapunguza. Hebu tuweke kazi yako, nakisia tu vipimo kutokana na ulivyoeleza. Boksi sentimita 45 mbele ya vifundo vya miguu, hapo 23 zinashuka hadi 12.8. Linaokotwa sentimita 15 toka sakafuni, inashuka hadi 10.5. Linapanda mpaka sentimita 150, inashuka hadi 9 kasoro. Halafu mara nne kwa dakika kwa shifti ya masaa nane, na hapa ndipo panapoua, inashuka hadi kilo 4 tu. Kilo 4 ndizo hesabu inazokuruhusu wewe, na unabeba 12, mara tatu yake. NIOSH wenyewe wanasema ukishavuka tu zile kilo ambazo hesabu inakuruhusu, hatari ya kuumia kiuno inaanza kupanda. Na hapo nimechukulia boksi lina mahali pazuri pa kushika na hujageuka pembeni hata kidogo, jambo ambalo sidhani.

Sasa uone uzuri wake. Wakiinua hayo maboksi yaanzie usawa wa sentimita 75, juu ya meza au paleti zilizopandishwa, na wakakusogeza uwe sentimita 30 badala ya 45, na rafu ya juu wakaiacha kwa maboksi matupu, hesabu inabadilika kabisa na hakuna aliyepunguza uzito wa boksi. Mkibadilishana na mwenzako kila baada ya saa moja au mbili afanye kazi nyingine isiyo ya kuinua, inapanda zaidi. Hivi ni vitu vya kumpelekea meneja vimeandikwa kwenye karatasi, na tepu ya kupimia uende nayo. Pima urefu wa mahali boksi linapotoka, mahali linapokwenda, umbali toka mwilini, na hesabu mangapi kwa dakika. Anaweza kubishana na maumivu yako kwa sababu hayaoni, tepu hawezi kubishana nayo.

Dada, nina mimba ya miezi minne, nafanya stoo, napanda ngazi na vitu mkononi. Nimwambie bosi au nisubiri tumbo lionekane?

Mwambie leo, kwa maandishi, na uambatanishe karatasi ya kliniki. Wajibu wake maalumu kwa sehemu kubwa unaanza pale anapojua. Pendekezo la ILO namba 191 la mwaka 2000 limetaja kuinua, kubeba, kusukuma na kuvuta mizigo kwa mikono kuwa kati ya kazi ambazo mjamzito na anayenyonyesha atafutiwe njia mbadala, na linataka hiyo njia ianze na kuondoa hatari, isipowezekana abadilishiwe kazi bila kupunguziwa mshahara. Lile la 1967 nalo linasema mjamzito asipewe kazi ya kubeba mizigo, wala ndani ya wiki 10 baada ya kujifungua, ikiwa daktari anaona itamdhuru yeye au mtoto. Wakati wa ujauzito viungo vinalegea na mzigo unakuwa mbali na mwili kwa sababu tumbo lipo katikati, ile hesabu ya ndoo hapo juu inakuhusu mara mbili. Ngazi ukiwa na vitu mikononi acha kabisa mama, mkono mmoja lazima uwe huru kushika.

Kijana wangu ana miaka 16, kapata kibarua likizo cha kupakia mizigo kwenye malori. Ni mkubwa, ananizidi urefu. Vibaya?

Ndiyo, vibaya, na urefu usikudanganye. Mifupa ya kijana wa 16 bado inakua na zile sehemu laini za ukuaji kwenye pingili za mgongo hazijafunga. Mkataba wa ILO namba 182 wa mwaka 1999 kuhusu aina mbaya zaidi za ajira kwa watoto umeridhiwa na nchi zote wanachama, ilikamilika mwaka 2020, na pendekezo lake namba 190 limeitaja kazi ya kubeba mizigo mizito kwa jina kati ya zile za kuangaliwa kama hatari kwa wote walio chini ya 18. Mtafutie kibarua kingine, kuhesabu mizigo na kuandika inayoingia na kutoka anaweza, na hiyo nayo inalipa.

Sisi manesi mbona hamtutaji? Mgonjwa ana kilo 80, namgeuza, namkalisha, namtoa kitandani, na wodi nzima tupo wawili usiku.

Umenena kweli dada, mnasahaulika kwa sababu watu wakisikia mizigo wanafikiria magunia. Ile hesabu ya kilo 23 haikutengenezwa kwa ajili ya binadamu. Mgonjwa hana vishikio, uzito wake haujapangika, anaweza kukushika shingo ghafla au miguu ikamlegea katikati ya safari. Ndiyo maana mwaka 2007 mtaalamu wa NIOSH alipendekeza kikomo cha kilo 16 kwa kumbeba mgonjwa kwa mikono, na hiyo ni kwa mgonjwa anayesikia maelekezo na hatarajiwi kushtuka. Mguu mmoja wa mtu mzima wa kilo 80 peke yake ni zaidi ya kilo 12. Kwa hiyo kumwinua mgonjwa mzima kwa mikono, hata mkiwa wawili, mnavuka mbali sana.

Dai shuka la kutelezesha, hiki ni kitu rahisi, ni kitambaa chepesi kinachoteleza, mgonjwa anavutwa juu yake bila kuinuliwa. Dai kitanda kinachopanda na kushuka, wengi wanacho ila hawakipandishi kwa haraka ya kazi, nawaomba kipandisheni mpaka kiunoni kila mara. Na winchi ya kuinulia mgonjwa kwa wale ambao hawajiwezi kabisa. Anayeanguka msimkamate katikati ya hewa, mpelekeni chini taratibu akiegemea mwili wako halafu muite msaada. Najua roho inauma kufanya hivyo, lakini nesi akiumia mgongo hao wagonjwa wengine wote wanabaki na nani?

Kaka yangu alisainishwa fomu siku ya kuajiriwa kwamba akiumia wakati wa kubeba ni juu yake. Sasa ameumia kweli, na maumivu yanashuka mguuni. Akikataa kubeba wanamfukuza. Afanyeje?

Mpe pole nyingi. Nianze na afya kwanza. Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni mara nyingi ni disiki inayobana mshipa wa fahamu, aende hospitali na amwambie daktari waziwazi kwamba ilianza kazini, tarehe gani, akiwa anainua nini, ili iandikwe kwenye faili. Lakini akianza kufa ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, au mkojo ukaziba au ukatoka wenyewe, au miguu yote ikalegea, asisubiri asubuhi, hiyo ni dharura ya siku hiyo hiyo, mishipa ikibanwa muda mrefu haponi tena vizuri. Nawaomba wote mnaosoma mlishike hilo hata kama mengine mtasahau.

Kuhusu fomu, katika sheria za kazi za nchi nyingi mfanyakazi hawezi kusaini na kuufuta wajibu wa usalama ambao sheria imemwekea mwajiri, karatasi kama hiyo inabaki karatasi. Isimtishe asiripoti. Atoe taarifa ya ajali kwa maandishi haraka, maana fidia huwa na muda wake wa kudaiwa, abaki na nakala, aandike majina ya waliokuwepo na kama anaweza apige picha mzigo wenyewe na mahali ulipokuwa.

Kuhusu kukataa, Mkataba wa ILO namba 155 wa mwaka 1981 unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye kazi kwa sababu za msingi za kuamini kuna hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake alindwe asipate madhara kwa kufanya hivyo. Mwaka 2022 mkataba huo uliingizwa kwenye mikataba ya msingi, kwa hiyo nchi wanachama wanatakiwa kuziheshimu kanuni zake hata kama hawajauridhia. Ila njia ya kukataa ina maana kubwa. Asiseme sibebi akaondoka. Aseme mbele ya mwenzake: huu mzigo naona utaniumiza, daktari ameandika hivi, naomba toroli au mtu wa pili au kazi nyingine, niko tayari kufanya. Baadaye aitume kwa meseji ili ibaki na tarehe. Mtu aliyejitolea kufanya kazi nyingine ni vigumu sana kumwita mtoro. Na kama kuna chama cha wafanyakazi aende nao, mtu mmoja anafukuzika kirahisi.

Kampuni imetugawia mikanda ya kiuno, wanasema sasa tunaweza kubeba zaidi. Inasaidia?

NIOSH waliichunguza mikanda hiyo, na mwaka 1994 wakasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mfanyakazi ambaye hajaumia. Shida yake kubwa ni hiyohiyo uliyoisema, mtu akishajifunga anaongezewa kilo wakati disiki zake ziko vilevile. Kama daktari amekupa mkanda kwa matibabu huo uvae kwa maelekezo yake. Wa kampuni kuvaa unaweza, lakini kilo zisiongezeke hata moja, na ile hela ya mikanda mwakani waombeni wanunue toroli.